Kumfundisha mbwa kuacha, si kuleta tu

Mwindaji wa bata huko Marekani anaamka saa tisa ya usiku. Anabeba mfuko wenye bata 24, wa mbao ao wa plastiki, anawapanga juu ya maji mbele ya majani alipojificha. Kila mmoja amefungwa kamba yenye kipande cha chuma kinachokaa chini ili upepo usimpeleke. Kisha anatulia kimya, mbwa wake pembeni. Bata wa kweli wanaopita juu wanaona wenzao wametulia, wanadhani pale kuna chakula na usalama, wanashuka. Bunduki inalia. Ndege mmoja anaanguka katikati ya wale wa bandia. Hapo kazi ya mtu imekwisha, inabaki ya mbwa: aingie majini, apite kati ya vitu 24 vyenye sura ya bata, asiguse hata kimoja, alete yule mmoja mwenye joto.

Sisi watu wa Miti tunaweza kucheka. Hapa njiapanda, mahali barabara ya Bunyakiri inaachana na ile ya Goma, mbwa anajulikana kwa kazi tatu: kulinda, kuwinda, na kulala mbele ya mlango. Nani ana wakati wa kusomesha mbwa juu ya bata wa plastiki? Mchimbaji anayetoka Nyabibwe na nguo zenye udongo atakuambia: « Imbwa yangu iko na akili, inaleta kila kitu. » Na hapo ndipo shida inaanzia. Kuleta, mbwa yeyote anaweza. Inaleta kiatu cha jirani, inaleta mfupa wa jalalani, siku moja inaokota nyama yenye sumu. Mbwa wetu wengi hawafi kwa sababu hawajui kushika. Wanakufa juu ya kukosa kujua kuacha.

Basi tuangalie kwanza namna wale wenzetu wanavyofanya, kisha tutarudi nyumbani.

Mbwa wa kazi hiyo wana ukoo wao. Labrador, ingawa jina lake ni la Canada, alitengenezwa Uingereza kutokana na mbwa wa wavuvi wa kisiwa cha Newfoundland, mbwa waliozoea maji ya baridi na kuvuta nyavu. Yule mwenye manyoya ya rangi ya dhahabu alianzia Scotland, kwenye mashamba ya Lord Tweedmouth, na watoto wa kwanza wa ukoo huo walizaliwa mwaka 1868. Mdomo wao unasifiwa kuliko meno: wanabeba ndege bila kumtoboa. Lakini ukoo hausomeshi mtu, wala mbwa. Labrador mdogo asiyefundishwa, ukimwekea bata wa plastiki juu ya maji, atamleta akifurahi sana, mkia juu, na kamba na chuma vikimfuata nyuma.

Kwa nini anamchukua? Juu ya jicho. Mbwa anaona umbo la ndege, liko karibu, linatikisika na mawimbi. Yule wa kweli ameanguka mbali zaidi, amelala, hatikisiki. Mbwa mwenye haraka anachukua cha karibu. Na si hasara ya ndege tu. Kamba ikizunguka mguu, mbwa anaogelea akivuta chuma, na bata wa pili na wa tatu wanafuata kwa kamba zao. Mbwa mzuri anaweza kuzama mbele ya bwana wake, hatua 30 kutoka ukingoni.

Ule ujanja wa kumdanganya ndege ni wa zamani. Mwaka 1924, ndani ya pango la Lovelock, jimbo la Nevada, walichimbua bata 11 waliosukwa kwa matete, wengine wakiwa wamevikwa manyoya ya ndege, na umri wao ni karibu miaka 2000. Wenyeji wa kule walivisuka vizuri, na mtu anayejua kusuka kitunga hapa kwetu angewaelewa mara moja. Kumfundisha mbwa apite kati ya bata hao imekuwa elimu yenye mitihani. Chama cha mbwa cha Marekani kilianza mitihani ya uwindaji kwa mbwa hao mwaka 1985, yenye ngazi tatu: ya wanaoanza, ya katikati, na ya mabingwa. Mbwa hashindani na mbwa mwenzake. Anapimwa kwa alama toka 0 mpaka 10 katika kila uwezo, na ili apite wastani wake usipungue 7. Tunaupenda mtindo huo. Mtoto wa shule anayeambiwa tu kwamba amekuwa wa tano hajui kama amejua hesabu.

Sasa, somo lenyewe. Halianzi majini hata kidogo. Linaanza kwenye majani makavu, bila bunduki, bila ndege. Mwalimu anatawanya bata wanne ao watano wa bandia, anamfunga mbwa kamba, anatembea naye katikati yao polepole kama mtu anayepita sokoni Mudaka bila franka mfukoni. Mbwa akiinamisha pua kwa bata, mwalimu anasema « acha », anavuta kamba kidogo, wanaendelea. Mbwa akigeuza uso na kumtazama mwalimu, anasifiwa. Hakuna kelele, hakuna fimbo. Siku ya tatu ao ya nne, mbwa anawapita wale bata kama mawe. Wamekuwa kitu kisichomhusu.

Hatua ya pili ndiyo wengi wanairuka. Bata wamewekwa upande mmoja, na mwalimu anatupa kifurushi cha vitambaa upande mwingine kabisa, mbali nao. Mbwa anakimbia, analeta, bila hata kuwagusa kwa macho. Kesho yake kifurushi kinaanguka pembeni ya bata. Kesho kutwa kinaanguka mbele yao, mbwa anakipata kabla ya kuwafikia. Kisha nyuma yao, na sasa lazima apite katikati ili akifikie. Mwisho kabisa kinaanguka katikati yao. Kila siku jambo moja tu linabadilika. Ukibadilisha mawili kwa mara moja, mbwa akikosea hutajua ni lipi lililomshinda, na yeye pia hatajua.

Baada ya nchi kavu wanaingia maji ya magotini, wakianza tena toka mwanzo: kutembea, kuacha, kutupa mbali, kutupa karibu. Mbwa aliyefaulu kwenye majani anaweza kusahau yote akiona bata anatikisika juu ya maji, juu kwake hilo ni jambo jipya. Wenye haraka wanakasirika hapo. Wenye subira wanarudi hatua mbili nyuma.

Na kuna kosa moja ambalo walimu wote wa kazi hii wanalikataza. Mbwa akileta bata wa bandia mpaka miguuni pako, usimpige. Yeye anakumbuka jambo la mwisho alilofanya, na jambo la mwisho lilikuwa kurudi kwako. Ukimpiga, umemfundisha kwamba kurudi ni kubaya. Chukua kile kitu bila neno, kiweke chini, mrudishe kwenye somo la jana. Tunaliandika hili kwa sababu hapa kwetu fimbo iko karibu na mkono kila wakati, kisha mtu anashangaa mbwa wake akiitwa anakimbilia migombani.

Kitu kizuri zaidi katika somo hilo kinatokea chenyewe. Mbwa aliyedanganywa na jicho mara nyingi anaanza kuamini pua. Plastiki haina harufu ya ndege. Utamwona anaogelea akielekea bata wa bandia, anafika nusu mita, pua inapanda, anageuka. Hapo hahitaji tena neno lako.

Mbwa wa misitu yetu walijua pua tangu zamani. Mbwa mdogo wa Kongo, yule mwenye mkia uliojikunja na masikio yaliyosimama, Wazungu wanamwita Basenji. Walimwonyesha London mwaka 1895 kama kitu cha ajabu kwa sababu habweki kama mbwa wengine. Mababu zetu walimfunga kengele ya mti shingoni ili wajue yuko wapi ndani ya kichaka. Lakini mbwa huyo alisomeshwa kufukuza, hakusomeshwa kuacha, na leo hiyo ni hatari kwa mwenye mbwa pia. Juu ya Miti tu, upande wa Tshivanga, inaanza mbuga ya Kahuzi-Biega. Iliundwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975 mpaka hektari 600.000, na tangu 1997 UNESCO imeiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kuwinda humo kumekatazwa. Mbwa anayefuata harufu ya swala wa msituni hajui mpaka uko wapi. Anaingia, bwana wake anaingia kumtafuta, na mbele ya mlinzi wa mbuga ni vigumu sana kueleza kwamba ulikuwa unatafuta mbwa tu. Na ndani kuna vitanzi vya waya. Kitanzi kinachoweza kukata kiganja cha sokwe mkubwa hakimwachii mbwa mguu.

Kuna mbwa wengine mashariki mwa nchi yetu ambao wanaishi kwa somo hili la kuacha. Toka mwaka 2011, mbuga ya Virunga ina kikosi cha mbwa, kilichoanzishwa kwa msaada wa daktari wa wanyama kutoka Uswisi, Marlene Zähner, kwa kutumia mbwa wa kunusa wa ukoo wa Saint-Hubert, wale wenye masikio marefu na uso wenye mikunjo. Ukoo huo jina lake linatoka kwenye monasteri ya Ardennes, huko Ubelgiji. Kwao hakuna bata wa bandia. Kinachowadanganya ni watu. Mlinzi anamwonjesha mbwa harufu ya mtu mmoja, kwa kitambaa ao kwa alama ya mguu, naye lazima aifuate hiyo peke yake hata kama watu wengine kumi wamekatiza njia ileile. Wanamfundisha hivyohivyo, hatua kwa hatua. Mtu anatembea peke yake na kujificha. Baadaye mtu wa pili anakatiza njia. Kisha wawili wanatembea pamoja, wanaachana kwenye njiapanda, na mbwa anachagua. Mwanzoni mwa mwaka 2012 mbwa hao walipelekwa mahali tembo alipouawa na meno kukatwa, wakafuata njia karibu kilomita saba mpaka kijiji cha wavuvi. Kilomita saba za kuacha harufu za watu wengine wote.

Na Tanzania, kwenye chuo cha Sokoine mjini Morogoro, somo hilo linafundishwa kwa panya. Ndiyo, panya buku, yule yule ambaye sisi tunamfukuza stoo. Shirika la APOPO linamsomesha kunusa mabomu ya ardhini, na mmoja wao, Magawa, alifanya kazi hiyo Kambodia mpaka akapewa medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Siku hizi wanawafundisha pia kunusa magamba ya kakakuona, pembe za ndovu, pembe za kifaru na mti wa mpingo, vitu vinavyofichwa ndani ya mizigo. Pembeni ya vitu hivyo wanaweka vya kudanganya: buni za kahawa, nyaya za umeme, sabuni ya unga, yaani vile ambavyo wasafirishaji wa siri wanavitumia kufunika harufu. Panya akisimama kwenye kahawa, hapati kitu. Akisimama kwenye magamba, anapata chakula. Mnyama mdogo wa kilo moja na nusu hivi anaelewa biashara hiyo.

Sasa tufike kwa wachimbaji, juu gazeti hili linasomwa zaidi na familia zao.

Labrador yuleyule wa bata ndiye pia anayetafutwa sana kwa kazi ya kutafuta watu waliofunikwa. Wengi wenu mliona picha za Frida, Labrador wa rangi ya manjano wa jeshi la majini la Mexico, mwenye miwani na viatu vinne, baada ya tetemeko la Septemba 2017. Katika maisha yake ya kazi anahesabiwa kuwa alisaidia kupata watu 12 wakiwa hai. Mbwa wa namna hiyo anasomeshwa hivi: mtu anajificha ndani ya bomba ao shimo lililofunikwa, na pembeni, kwenye vifusi vilevile, walimu wanaacha nguo zilizovaliwa, godoro, sahani ya chakula, hata kuku. Hivyo ndivyo bata wa mbao wa kazi ile. Nguo ina harufu ya mtu, lakini si mtu. Mbwa akibweka kwenye nguo, waokoaji watapoteza saa mbili wakichimba mahali pasipo na mtu, na wakati huo mwenye kuishi anakosa pumzi kwingine. Kwa hiyo anafundishwa kubweka kwa jambo moja tu: pumzi ya mtu aliye hai.

Tunaposoma hayo, hatuwezi kuacha kufikiri juu ya Kamituga. Tarehe 11 Septemba 2020, mvua kubwa iliingia mashimo ya dhahabu, na watu karibu 50 walihofiwa kufa chini. Kila familia ya machimbo ina siku yake ya namna hiyo, hata kama haikuandikwa mahali. Je, mbwa angesaidia? Tuseme wazi. Pua ya mbwa inahitaji hewa. Nyumba ya saruji ikianguka, inaacha nafasi kati ya vipande, na harufu inapanda kupitia humo. Udongo uliolowa ukishuka na kuziba shimo, hauachi nafasi, na harufu inatoka kidogo sana ao haitoki. Mbwa anaweza kusaidia mahali ambapo miti ya kushikilia shimo imebaki imesimama, ama kuna tundu la hewa la pembeni, ama udongo una mawe makubwa. Kwenye matope mazito msaada wake ni mdogo, na anayekuahidi zaidi ya hapo anakuuzia maneno.

Lakini kuna jambo ambalo walimu wa mbwa hao wanalijua, na PDG wa shimo lolote anaweza kulifuata hata asipoona Labrador maisha yake yote. Kabla ya mbwa kuingia, wanazima mashine, wanatoa umati, wanaomba kimya. Wanauliza kwanza nani alikuwa ndani na alikuwa upande gani. Koti lililoachwa mlangoni halihesabiwi kuwa mtu. Pale kwetu, shimo likianguka, ndugu mmoja anasema « niliona kofia yake huku », mwingine anasema « viatu viko kule », wote wanachimba pande mbili, na kumbe mwenyewe alitoka dakika kumi mbele kununua mkate. Daftari la mlangoni, jina linaandikwa mtu akiingia na kukatwa akitoka, bei yake haizidi sigara chache.

Turudi nyumbani, kwenye mbwa wa lupango. Adui yake mkubwa ni nyama anayotupiwa na mtu asiyemjua. Mwizi wa depo anaijua dawa hiyo: kipande cha nyama, sumu ya panya ndani, saa moja ya kungoja. Mbwa mkali kuliko wote, hata kama mumemuita Simba, anakufa kwa kipande cha franka chache, na asubuhi mifuko ya madini ao mbuzi hawapo.

Sisi tulijaribu somo la bata kwa mbwa wa hapa Miti, wa kawaida, wasio na ukoo wowote. Hatuna bata wa mbao. Tulichukua mkebe mtupu wa nyanya, tukautoboa matundu kwa msumari, tukaufunika juu ya kipande cha nyama, na jiwe juu yake. Mbwa amefungwa kamba. Ananusa, anakwaruza, anasukuma, hapati. Sisi kimya. Siku ya kwanza mmoja alipigana na mkebe karibu dakika 20. Alipochoka akainua kichwa na kututazama, palepale tukasema « vizuri » na kumpa nyama nyingine, nzuri zaidi, kutoka mkononi. Nyama ya chini ya mkebe hakuipata kamwe, hata baada ya somo. Hiyo ndiyo kanuni inayoshika yote: kilichoko chini hakiwi chake hata siku moja, kinachotoka mkononi pa mwenye nyumba ndicho chake. Mtoto anayemtupia mbwa mabaki chini wakati wa chakula anabomoa kazi ya wiki nzima. Kwa hiyo watoto ndio wanafundishwa kwanza, nao, tuseme ukweli, ni wagumu kuliko mbwa.

Siku ya nne ao ya tano unaondoa mkebe na kuacha nyama wazi, kamba ikiwa fupi mkononi, neno « acha » likisemwa mara moja tu. Wiki ya pili unabadilisha mahali: mlangoni, nyuma ya nyumba, karibu na choo, njiani. Mbwa haelewi kwamba sheria ya mlangoni ni sheria ya kila mahali mpaka aione kila mahali. Wiki ya tatu kamba inakuwa ndefu, wewe unasimama mbali. Somo lifanyike kabla ya chakula cha jioni, lisizidi dakika kumi, na mbwa asiwe na njaa kali, juu mbwa mwenye njaa kali hafundishiki. Mbwa anayelala njaa kila siku, hata umsomeshe mwaka mzima, atameza alichotupiwa, na hapo lawama si yake.

Wiki ya nne omba mtu ambaye mbwa hamjui, kutoka Kavumu ama Katana, apite usiku kando ya ukuta na kurusha kipande cha nyama safi ndani. Mbwa awe amefungwa kamba ndefu ili asiwahi kukimeza. Wewe usionekane. Zima taa, kaa nyuma ya dirisha, na uhesabu ni muda gani anabaki akiangalia nyama kabla ya kugeuka kuangalia mlango wako.